Mononoke na masamurai warudi kumbini: Kwa nini Wajapani wanapigia foleni filamu za zamani

KAMA wewe ni shabiki wa anime, Oktoba 2025 simu yako haikutulia. Filamu ya Chainsaw Man, ile ya Reze, iliingia kumbi za sinema za Marekani Ijumaa, Oktoba 24, 2025, baada ya kutamba Japani tangu Septemba 19. Kila kikundi cha WhatsApp kina bingwa wake anayetaka kukumwagia mwisho wa hadithi kabla hujaiona.

Mimi sitakumwagia. Hiyo nitaigusia baadaye kidogo. Nataka kwanza nikuonyeshe kitu ambacho hakipigiwi kelele huku kwetu. Ijumaa hiyo hiyo, huko Japani kwenyewe, kumbi za IMAX zilifungulia mlango filamu iliyotoka 1997, wakati wengi wenu mnaosoma hapa hamkuwa mmezaliwa. Inaitwa Princess Mononoke. Wiki moja kabla yake, Oktoba 17, ilirudi nyingine kongwe zaidi, Seven Samurai ya 1954. Hiyo ilitoka wakati nyanya yako alikuwa msichana mdogo, kama alikuwa amezaliwa.

Kwani Wajapani wameishiwa na filamu mpya? La hasha. Mwaka wa 2025 ulikuwa wa mavuno. Demon Slayer: Infinity Castle, iliyoanza Julai 18, tayari imeipita Spirited Away na kushika nafasi ya pili katika orodha ya filamu zilizoingiza pesa nyingi zaidi katika historia ya Japani. Aliye juu yake ni ndugu yake mwenyewe, Mugen Train ya 2020. Kokuho, filamu ya waigizaji wa kawaida na wala si ya kuchorwa, kufikia Oktoba 2025 ilikuwa imepita yeni bilioni 16 na ilikuwa ikiinyemelea rekodi ya bilioni 17.35 iliyowekwa na filamu ya polisi mwaka wa 2003. Kwa hivyo mwenye ukumbi anapoamua kumpa Mononoke skrini yake kubwa kabisa, hajakosa cha kuonyesha. Anajua watu watakuja.

Hebu tuanze na huyu Mononoke.

Kuna jambo moja la ajabu ambalo huenda hulijui. Ukiwa Nairobi, Kisumu au Mombasa na una akaunti ya Netflix, unaweza kutazama filamu za Studio Ghibli leo usiku ukiwa kitandani. Zilianza kuingia huko kwa awamu kuanzia Februari 2020, Afrika ikiwemo. Mjapani aliye Tokyo hawezi. Karibu filamu zote za Ghibli hazipatikani kwenye mitandao ya kutazamia filamu nchini mwao. Mjapani husubiri televisheni imrushie, hununua diski, ama hungoja siku kama ile ya Oktoba 24, filamu irudi ukumbini.

Sasa unaelewa foleni inatoka wapi. Kitu unachoweza kukipata wakati wowote hukiharakii. Unakiweka kwenye orodha yako na kinaoza hapo mwaka mzima. Hebu kuwa mkweli, una filamu ngapi kwenye hiyo orodha?

Hadithi yenyewe, kwa asiyeijua: Ashitaka, mwana wa kiongozi wa kabila dogo, anaua nguruwe mwitu aliyegeuka pepo, na mkono wake unashikwa na laana. Ndani ya mwili wa mnyama huyo kunapatikana donge la chuma. Ashitaka anafuata asili ya chuma hicho hadi mji wa kuyeyusha madini unaoongozwa na mwanamke aitwaye Eboshi. Mji unakata msitu. Msitu una miungu yake, na una San, msichana aliyelelewa na mbwa mwitu, ambaye anataka kichwa cha Eboshi.

Katuni nyingi zingemfanya Eboshi shetani na kumaliza. Hayao Miyazaki hakufanya hivyo. Eboshi ndiye aliyewatoa wanawake kwenye madanguro na kuwapa kazi. Ndiye aliyewachukua wagonjwa wa ukoma ambao kila mtu aliwakimbia, akawaosha vidonda na kuwapa heshima. Ukimwondoa yeye, hao wote wanarudi mtaani. Ukimwacha, msitu unakwisha. Mkenya yeyote aliyefuatilia vita vya Karura au Mau anaijua hoja hii bila kuelezwa. (Wangari Maathai, kwa njia, ni jina linalojulikana sana Japani: alipozuru huko 2005 alilipenda neno lao mottainai, la kukataza uharibifu wa vitu, akalitangaza duniani.)

Filamu ilichorwa kwa mkono. Inahesabiwa kuwa ilitumia takriban vipande 144,000 vya plastiki angavu, kila kimoja kikiwa kimechorwa na kupakwa rangi, na Miyazaki mwenyewe alipitia na kurekebisha kama 80,000. Kompyuta ilitumika sehemu chache tu. Ndiyo maana toleo hili la 4K lina maana. Kwenye simu, zile nyoka za pepo zinazomtambaa nguruwe mwanzoni ni fujo tu ya rangi nyeusi. Kwenye ukuta wa ghorofa kadhaa unaona kila mnyoo, na unaona kuwa kuna mtu aliyeketi akauchora.

Ilipotoka Julai 1997 iliivua E.T. ya Marekani taji la filamu iliyoingiza pesa nyingi zaidi Japani, taji iliyokuwa nalo tangu 1982, kabla ya Titanic kuja na kuizamisha. Wamarekani walipotaka kuisambaza, mkuu wa Miramax wakati huo, Harvey Weinstein, alitaka ipunguzwe urefu. Produsa wa Ghibli, Toshio Suzuki, alimpelekea upanga wa samurai na ujumbe mfupi: hakuna kukata. Haikukatwa.

Na usidhani kurudi ukumbini ni jambo la kumbukumbu tu, la wazee kufuta machozi. Juni 2020, wakati korona ilikuwa imefunga dunia na Hollywood haikuwa na kitu cha kutuma, Ghibli ilirudisha filamu zake nne katika kumbi 372 kote Japani, Mononoke na Spirited Away zikiwemo. Zikaongoza chati. Filamu ya 2001 ikaongoza chati ya 2020! Mapato ya Spirited Away yalipanda kutoka bilioni 30.8 hadi bilioni 31.68, na rekodi hiyo iliyonenepeshwa ndiyo Demon Slayer ililazimika kuivunja Desemba mwaka huo. Kumbi zilikuwa zinakufa, na walioziweka hai miezi hiyo ni wazee wa kabatini.

Twende kwa masamurai.

Japani ina kitu kinachoitwa Tamasha la Filamu la Saa Nne Asubuhi. Lilianza 2010, na jina lake ndilo maelezo yake: kila siku, saa nne kamili asubuhi, kumbi zinazoshiriki zinaonyesha filamu moja ya zamani iliyochaguliwa. Saa hiyo ukumbi kwa kawaida ungekuwa mtupu. Waliostaafu wanakuja, na wanafunzi wanapunguziwa hadi yeni 500, yaani Sh400 na kitu hivi, ilhali tiketi ya kawaida ya filamu mpya katika kumbi kubwa za Tokyo ilikuwa yeni 2,000 mwaka wa 2025. Baada ya miaka kumi, waandaaji walitangaza kwamba limefika mwisho. Mashabiki wakakataa. Mwaka wa 2021 lilirudishwa, na linaendelea.

Seven Samurai ndiyo iliyokuwa zamu Oktoba 2025, katika toleo jipya la 4K. Ina dakika 207. Ndiyo, karibu saa tatu na nusu, na mapumziko katikati. Najua unachowaza. Ila ukiweza kumaliza vipindi vinane vya anime kwa mpigo Jumamosi, usiniambie kuhusu muda.

Wanakijiji maskini wanajua majambazi watarudi mavuno yakiiva. Hawana pesa, wana mchele tu. Wanaenda mjini kutafuta samurai wenye njaa ya kutosha kukubali kupigana kwa ajili ya chakula. Wanapata saba. Ukiwahi kutazama filamu yoyote ambapo kiongozi anazunguka akiokota mashujaa mmoja mmoja, kila mmoja na kipaji chake, ujue nyingi zimekopa hapa. Hollywood iliigeuza waziwazi kuwa ya wachunga ng'ombe, The Magnificent Seven, mwaka wa 1960.

Mwongozaji wake, Akira Kurosawa, alipiga filamu hiyo kwa siku 148 zilizotapakaa karibu mwaka mzima. Kampuni ya Toho ilishtuka kuona pesa zinavyoyeyuka na ikasimamisha kazi zaidi ya mara moja. Inasimuliwa kwamba Kurosawa hakugombana na mtu; alichukua ndoana akaenda kuvua samaki, akijua kampuni imeshazama mno kuweza kurudi nyuma. Vita vya mwisho vya mvua na matope aliviacha makusudi hadi mwisho wa upigaji picha, maana bila hivyo hakuna filamu, na kwa hivyo ilibidi wamlipie. Wakavipiga Februari, katika baridi kali. Theluji ilikuwa imeanguka, wakaiyeyusha kwa maji, na matope yakawa matope kwelikweli. Toshiro Mifune anakimbia humo miguu mitupu, nusu uchi. Ukimtazama ukumbini utahisi baridi wewe.

Kuna kitu kingine kuhusu Kurosawa kinachonigusa, na wewe uliyekua ukimsikiliza DJ Afro utakielewa kuliko mashabiki wa Ulaya. Enzi za filamu bubu, Japani ilikuwa na watu waitwao benshi. Walisimama kando ya skrini wakisimulia hadithi, wakiigiza sauti za wahusika na kutia chumvi zao. Watu walilipa kumwona benshi fulani, filamu ikawa ni kisingizio. Kaka yake Akira, Heigo, alikuwa benshi, na ndiye aliyempeleka mdogo wake kuona filamu za kigeni. Kisha filamu zenye sauti zikaingia, kazi ya benshi ikafa, na Heigo akaaga dunia 1933 akiwa bado kijana. Akira alikuwa hajaanza hata kazi ya filamu. Kwa hivyo siku nyingine ukisikia mtu akidharau filamu zilizotiwa maneno ya mtaani kwenye vibanda vya video, mwambie sanaa hiyo ina ndugu zake Tokyo waliokuwa mastaa.

Na hapa ndipo penye uzito wa habari hii yote. Filamu hufa. Si lugha ya mafumbo. Mkanda ni kitu, na kitu huoza, huungua, hutupwa. Sehemu kubwa ya filamu za Japani za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia haipo tena: tetemeko la ardhi la Tokyo la 1923, mabomu ya vita na uzembe wa kawaida wa kampuni vilizimaliza. Filamu ya kwanza kabisa ya Yasujiro Ozu, mmoja wa waongozaji wakubwa waliowahi kuishi, ya mwaka wa 1927, imepotea. Hakuna nakala. Hata Seven Samurai, filamu maarufu kiasi hicho, mkanda wake wa asili uliopita ndani ya kamera haupo. Wanaoirekebisha hufanya kazi na nakala zilizotengenezwa kutoka kwake.

Piga hesabu kidogo. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde. Dakika 207 ni picha 298,080. Kila moja inaingizwa kwenye kompyuta, mikwaruzo inafutwa, vumbi linatolewa, mtikisiko unatulizwa, na pale penye doa lililokula uso wa mtu, fundi anaamua atengeneze nini na aache nini. Ni kibarua cha gharama. Hakuna kampuni itakayokilipia kama filamu itaishia kabatini. Tiketi ya saa nne asubuhi, pamoja na ile ya yeni 500 ya mwanafunzi anayesinzia nyuma, inasaidia kujibu swali la mhasibu: kwani kuna mtu bado anaitaka hii?

Hebu jiulize ni lini ukumbi wowote hapa nchini ulikuonyesha Saikati ya Anne Mungai, ya 1992, kwenye skrini kubwa. Kumbi zetu nyingi za zamani ziligeuka makanisa na maduka. Basi, nimesema, tuendelee.

Ukirudi kwa filamu mpya, orodha ya Oktoba 2025 ilikuhitaji uchague kwa akili. Chainsaw Man: Reze Arc ni dakika 100 tu, imetengenezwa na studio ya MAPPA, na ni hadithi ya mapenzi inayolipuka, kihalisi. Uitazame kama umemaliza msimu wa kwanza. Kama hujamaliza, utapotea. Kenshi Yonezu ameimba wimbo mkuu. Infinity Castle ni ndefu zaidi, dakika 155, na ni ya kwanza kati ya tatu, kwa hivyo usitarajie mwisho wa kuridhisha. Mapigano yake ni noma, hilo sipingi. Tatizo langu ni kwamba kila upanga ukikaribia shingo, filamu inasimama kutusimulia utoto wa mhusika. Mara ya kwanza unalia. Mara ya tatu unaangalia saa.

Kokuho ndiyo ningekushauri uifukuzie hata kama itakuchukua mwaka mzima kuipata. Mwongozaji ni Lee Sang-il, na hadithi imetoka kwenye riwaya ya Shuichi Yoshida. Mtoto wa jambazi wa yakuza anachukuliwa na bwana mkubwa wa kabuki, ule mchezo wa jukwaani wa karne nyingi ambamo wanaume huigiza sehemu za wanawake. Analelewa pamoja na mwana wa kuzaliwa wa huyo bwana. Mmoja ana kipaji, mwingine ana damu ya ukoo, na kabuki hurithiwa kwa damu. Dakika 175 za wanaume wawili wanaopendana kama ndugu na kuoneana wivu kama mahasimu. Ilianza Juni 6, 2025, na miezi minne na nusu baadaye bado ilikuwa kumbini. Hakuna roboti, hakuna pepo. Watu wanaambiana tu.

Ijumaa, Oktoba 31, 2025, iliingia filamu ambayo Mkenya au Mtanzania ana sababu ndogo ya kuitupia jicho. Inaitwa Climbing for Life, ya Junji Sakamoto, na ndiyo iliyofungua Tamasha la Kimataifa la Filamu la Tokyo Jumatatu, Oktoba 27. Imetokana na maisha ya Junko Tabei, mwanamke wa kwanza kufika kilele cha Everest, Mei 16, 1975. Tabei hakuishia hapo: alikuwa mwanamke wa kwanza kukamilisha vilele vya juu kabisa vya mabara saba, na cha Afrika, unajua mwenyewe, ni Kilimanjaro. Anaigizwa na Sayuri Yoshinaga, ambaye ni jina kubwa la sinema ya Japani tangu miaka ya sitini.

Usidhani lakini kwamba kila kitu huko ni foleni na mabilioni. Kumbi ndogo, zile zenye skrini moja na viti vichache zinazoonyesha filamu zisizo na matangazo, zinaumia. Iwanami Hall ya Tokyo, iliyoheshimika kwa miongo mingi, ilifunga milango Julai 2022. Korona ilipoanza, waongozaji Ryusuke Hamaguchi na Koji Fukada waliongoza mchango wa mtandaoni, kitu kama harambee, na watu wa kawaida wakatoa zaidi ya yeni milioni 300 kuziokoa.

Kwa nini watoe? Labda kwa sababu ya watu kama Junichi Yasuda. Huyu ni mkulima wa mpunga kutoka Kyoto. Ndiyo, mpunga. Aliandika, akaongoza na kuhariri filamu kuhusu samurai anayepigwa na radi na kuzinduka katika studio ya filamu ya siku hizi, ambako anapata kazi ya kuwa yule mtu anayeuawa katika kila tukio. Aliuza gari lake. Alipomaliza, akaunti yake ya benki ilikuwa imebaki na yeni elfu chache. Agosti 17, 2024, A Samurai in Time ilianza katika ukumbi mmoja tu mtaani Ikebukuro, Cinema Rosa. Ukumbi huo huo ulikuwa mmoja wa miwili ya kwanza kuonyesha One Cut of the Dead mwaka wa 2018, kichekesho cha mazombi kilichogharimu yeni milioni tatu na kuingiza zaidi ya bilioni tatu. Ya Yasuda nayo ikasambaa hadi kumbi zaidi ya 300, na Machi 2025 ikanyakua tuzo ya filamu bora ya Japan Academy. Hakuna jukwaa la mtandaoni ambalo lingeibandika filamu hiyo ukurasa wa mbele siku ya kwanza. Ilihitaji mwenye ukumbi mmoja aliyesema, haya, leta.

Ukibahatika kuiona yoyote kati ya hizi ukumbini, hapa au ughaibuni, fanya kama wafanyavyo Wajapani: taa zikiwa bado zimezimwa na majina yakipanda, usinyanyuke. Hasa kwa Mononoke. Muziki wa Joe Hisaishi unaendelea, na bisi zako zilizobaki hazikimbii. Na kama unapenda vitu vya ajabu, kumbuka Novemba 14, 2025. Siku hiyo Japani ilirudisha Angel's Egg ya Mamoru Oshii, ya 1985, ikiwa imesafishwa hadi 4K chini ya usimamizi wake mwenyewe. Ina dakika 71, msichana, yai, na karibu haina mazungumzo. Ilipotoka mara ya kwanza, kwenye kanda ya video, ilimkosesha Oshii kazi kwa miaka kadhaa kwa sababu hakuna aliyeielewa. Miaka kumi baadaye alitengeneza Ghost in the Shell, na waliotengeneza The Matrix wakaitazama kwa makini sana. Lile yai bado hakuna anayelielewa, na tiketi ziliuzwa.